Kanisa Juu ya Hekalu: Naomba Hoja Irudishwe

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya mdahalo wa muhula uliopita. Wengi wa wasomaji walikuwapo ukumbini usiku ule, na baadhi yao walinipigia makofi. Lakini ndugu zetu waliokwisha kuhitimu hawakuwapo, kwa hiyo yafaa nieleze jambo tangu mwanzo wake.

Padre mmoja mgeni, aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi ya Peru, alipita shuleni kwetu akatuonyesha picha za mji wa Cusco. Mji huo uko juu sana milimani, mita 3,400 hivi juu ya bahari, na padre alituambia kwamba mgeni akifika siku za kwanza hupanda ngazi chache tu akaanza kuhema kama mzee. Zamani Cusco ulikuwa mji mkuu wa Wainka, ambao dola yao ilienea kutoka Kolombia ya leo upande wa kaskazini hata Chile upande wa kusini. Katika picha zote alizotuonyesha, moja ilitufanya tunyamaze. Ilikuwa picha ya jengo moja ambalo chini ni hekalu na juu ni kanisa.

Nitajaribu kuwaeleza kama alivyotueleza yeye, akituongoza hatua kwa hatua kana kwamba tulikuwa tukitembea naye. Ukisimama nje, chini ya bustani, waona ukuta wa mawe meusi uliopinda kama upinde, wenye urefu wa mita sita hivi kwenda juu. Mawe yake yamechongwa yakakutanishwa bila chokaa wala udongo wa kuungia, na mahali jiwe linapokutana na jiwe huwezi kupenyeza hata wembe. Juu ya ukuta huo huo limekaa kanisa la Santo Domingo, lenye kuta za rangi nyingine na mnara uliotiwa nakshi nyingi. Hapana nafasi kati ya hekalu na kanisa. Moja limemkalia mwenzake mabegani.

Ukiingia ndani wafika katika ua wa watawa, wenye baraza za matao pande zote nne, na picha kubwa za maisha ya Mtakatifu Dominiko. Na palepale, nyuma ya matao, vimesimama vyumba vya Wainka. Milango yao ni mipana chini na myembamba juu, na vidaka vya ukutani vimechongwa vivyo hivyo. Kuta zenyewe zimeinama kidogo kuelekea ndani. Wenye elimu ya ujenzi wasema kwamba mwinamo huo, pamoja na mawe yaliyoshikana bila kugandishwa, ndio unaozisaidia kuta zisianguke nchi inapotikisika.

Mahali hapo paliitwa Qorikancha, maana yake katika lugha ya Kikechua ni ua wa dhahabu. Hapo Jua liliabudiwa, na pamoja nalo Mwezi, na nyota, na radi. Hapo pia zilitunzwa maiti zilizokaushwa za wafalme waliotangulia. Padre Bernabé Cobo, aliyeandika katika karne ya 17, aliorodhesha mahali patakatifu zaidi ya 300 palipopangwa katika mistari, na mistari hiyo yote ilianza katika hekalu hilo na kuenea pande zote za nchi kama miale. Basi wasomaji wajue kwamba lilikuwa kitovu cha dola nzima, wala si hekalu la mtaa mmoja.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyoangamia. Mwezi wa Novemba 1532, katika mji wa Cajamarca, Francisco Pizarro na Wahispania wake walimkamata mfalme Atahualpa kwa hila. Mfalme akaahidi kujikomboa kwa kujaza chumba dhahabu. Wajumbe wakatumwa Cusco kuharakisha malipo, wakaingia Qorikancha wakabandua mabamba ya dhahabu yaliyokuwa yamepamba kuta. Waandishi wa Kihispania wenyewe wasema mabamba yalikuwa kama 700. Dhahabu ilipelekwa Cajamarca, ikayeyushwa, ikagawanywa. Fidia ililipwa, na Atahualpa akauawa vilevile mwaka 1533. Mwisho wa mwaka ule Wahispania waliingia Cusco, wakagawana mji. Hekalu lilimwangukia Juan Pizarro, ndugu yake Francisco. Yeye aliumizwa vitani mwaka 1536 akafa, na mahali pale pakawa pa watawa wa Mtakatifu Dominiko, nao wakajenga kanisa lao juu ya kuta zilizobaki.

Hiyo ndiyo habari tuliyoisikia. Padre alipokwisha kuondoka, Chama cha Mdahalo kikatoa hoja hii: "Kanisa la Santo Domingo lingefaa kubomolewa, ili hekalu la Wainka lionekane lote." Mimi nilikuwa mtoa hoja mkuu.

Nakiri kwamba nilisema vizuri. Nilisimulia mabamba 700 na kifo cha mfalme aliyekwisha kulipa. Nilisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kisha nikatoa hoja ambayo niliiweka mwisho makusudi. Nilisema kwamba mwaka 1650 tetemeko kubwa lilipiga Cusco, kanisa likabomoka na kuta za Wainka zikabaki. Na kwamba tarehe 21 Mei 1950 tetemeko jingine likapiga, kanisa likabomoka tena, na kuta za Wainka zikabaki tena, hata nyingine zilizokuwa zimefichwa na ujenzi wa watawa zikatokea waziwazi. "Ardhi yenyewe," nikasema, "imekwisha kupiga kura mara mbili." Ukumbi mzima ulipiga kelele. Nilijua wakati ule kwamba nimeshinda.

Ndipo akasimama kijana mmoja wa madarasa ya chini, msemaji wa mwisho wa upande wa pili. Sauti yake ilikuwa ndogo na Kiswahili chake kilikuwa kikijikwaa. Aliuliza swali moja tu: "Na watu wanaosali mle leo, nani amewauliza?" Nikajibu bila kufikiri. Nilisema kwamba wakapewe turubai wasalie sokoni. Watu walicheka sana, yule kijana akaketi, na kura zikahesabiwa. Upande wangu ulipata nyingi mno.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Yule kijana alikubali. Alinishika mkono mlangoni. Lakini swali lake halikuniacha. Nilirudi maktaba mara nyingi kutafuta jibu la heshima, maana lile la turubai halikuwa jibu, lilikuwa mzaha. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba hoja yangu ina nyufa. Nitazitaja.

Ufa wa kwanza ni ule wa tetemeko, ambao ndio uliopigiwa makofi zaidi. Ni kweli kuta za Wainka zilisimama na kanisa likabomoka. Ufundi wao ni mkubwa, na kila mwanafunzi anayeambiwa kwamba elimu ya ujenzi ilitoka Ulaya peke yake apaswa kuitazama ile picha. Lakini mimi nilisema kana kwamba kanisa lilijengwa na Wahispania kwa mikono yao. Sivyo. Katika Cusco mikono iliyobeba mawe ya makanisa ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya wenyeji, waliotumikishwa na mabwana wapya. Baba zao walichonga mawe ya chini, wao wakapandisha mawe ya juu. Wengi hawakupenda, najua. Hata hivyo jasho ni lao. Nilipotaka kanisa libomolewe kwa heshima ya wenyeji, nilikuwa nataka kubomoa kazi ya wenyeji.

Ufa wa pili ni kwamba niliwafanya Wainka kuwa wenyeji peke yao. Nchi ile ilikuwa na mataifa mengi, na Wainka waliyashinda kwa vita mengi yao. Waandishi wa zamani waeleza kwamba sanamu takatifu za watu walioshindwa zililetwa Cusco zikawekwa huko, na kila mtu alijua kwamba wakiasi, mungu wao yuko mikononi mwa mfalme. Kule pwani, karibu na mji wa Lima wa leo, palikuwa mahali patakatifu pa kale paitwapo Pachacamac, panapoheshimiwa tangu karne nyingi kabla ya Wainka. Wainka walipopatwaa, walijenga hekalu la Jua juu ya kilima palepale, likawa refu kuliko lile la wenyeji. Hawakulibomoa lile la zamani, na hilo ni jambo la kuwasifu. Lakini walihakikisha kwamba lao liko juu. Na Wahispania walipokuja, watu kama Wakañari walijiunga nao kupigana na Wainka, kwa sababu bado walikuwa na uchungu. Basi tukianza kubomoa kila jengo lililokaa juu ya jingine, tutakomea wapi?

Ufa wa tatu ndio mkubwa. Nilisema hekalu litarudi. Haliwezi kurudi. Dhahabu ilikwisha kuyeyushwa tangu 1533. Makuhani hawapo, maiti za wafalme hazipo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kanisa likiondolewa leo, kitakachobaki ni kuta safi za mawe, nzuri sana za kupigia picha, na mgeni atazunguka akisifu mawe na kwenda zake kula chakula cha mchana. Hataona lililotendeka. Lakini sasa, kwa kuwa kanisa liko juu ya hekalu, hata mtu asiyejua kusoma huona kwa macho yake kwamba hapa watu waliwajia watu na kuwakalia. Jengo lenyewe ni shahidi. Mimi nilitaka kumwua shahidi, nikidhani namtetea aliyedhulumiwa.

Najua rafiki zangu wa upande wa hoja watasema nini, maana mimi ndiye niliyewafundisha kusema hivyo. Watasema: mwizi akiingia nyumbani mwako, akaua, akajenga kitanda chake juu ya kitanda chako, je, utamwacha alale kwa sababu ni shahidi? Swali hili ni zito na sitalipita kando. Dhuluma ilikuwa dhuluma. Kama ningaliishi mwaka ule 1534, na kama ningalikuwa na uwezo, ningalimzuia mjenzi wa kwanza. Na sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni tusione haya kusema kwamba watu waliobeba msalaba waliingia mlango mmoja na watu waliobeba magunia ya dhahabu. Kusema kweli hakuipunguzii dini yetu kitu. Kukaa kimya ndiko kunakoipunguzia.

Lakini aliyelala kitandani leo si yule mwizi. Hapa ndipo swali la yule kijana lilipo. Wanaoingia Santo Domingo kusali ni watu wa Cusco. Wengi wao wazungumza Kikechua nyumbani, na damu ya wale waliochonga mawe ya chini iko ndani yao, mara nyingi pamoja na damu ya wale walioyakalia. Padre alituambia kwamba aliwaona akina mama wakishuka asubuhi na maua, wakiingia kanisani, na wakitoka waliupapasa ule ukuta mweusi kwa kiganja, bila neno, kama mtu anavyompapasa mzee wa nyumbani. Hawakuona kwamba yapasa wachague. Sisi, tulio mbali kuvuka bahari, ndio tulioketi kwenye mabenchi yetu tukawachagulia.

Na wao walipopewa nafasi ya kuchagua, walifanyaje? Baada ya tetemeko la 1950 jengo lilikuwa limepasuka, na lilikuwapo kweli swali la kufanywa: kurudisha yote kama yalivyokuwa na kuzificha tena kuta, au kuziacha wazi? UNESCO ilituma ujumbe mwaka 1951, ukiongozwa na mtaalamu wa historia ya sanaa aitwaye George Kubler, kushauri juu ya kuujenga upya mji. Mabishano hayakukosekana. Mwisho wake ni huu tuonao: kanisa na mnara vilitengenezwa, na vyumba vya Wainka vikaachwa vionekane uani. Wala hawakusahau Jua. Sikukuu yake, Inti Raymi, iliyopigwa marufuku zamani za Wahispania, ilifufuliwa mwaka 1944, na hata leo kila tarehe 24 Juni huanzia pale Qorikancha, chini ya ukuta uliopinda, kengele za kanisa zikiwa juu yao.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake zilinigeuza kabisa. Jina lake ni Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539. Mama yake, Chimpu Ocllo, alikuwa binti wa ukoo wa wafalme wa Inka. Baba yake alikuwa kapteni wa Kihispania. Kijana huyu alikua akisikia kwa wajomba zake masimulizi ya mambo yaliyokuwa. Mwaka 1560 alikwenda Uhispania, wala hakurudi tena. Uzeeni aliandika kitabu kikubwa juu ya Wainka, kilichochapwa Lisbon mwaka 1609, na humo alilieleza hekalu la Jua kwa upendo mwingi. Alijiita Mwinka kwa fahari, na hakumkana baba yake.

Alipokufa mwaka 1616 alizikwa katika mji wa Córdoba, ndani ya kanisa kuu la mji ule. Na kanisa hilo, wasomaji, ni msikiti! Ulijengwa na Waislamu waliotawala Uhispania, na mwaka 1236 Wakristo walipouteka mji wakaufanya kanisa, na baadaye wakajenga kanisa jingine katikati ya nguzo zake. Basi mtoto wa mji ambao kanisa lilikalia hekalu alizikwa katika kanisa lililokaa ndani ya msikiti. Mwaka 1978 sehemu ya mabaki yake ilirudishwa Cusco. Nikajiuliza: kama mimi ndiye hakimu, na nimeamua kwamba kila kilichochanganyika kitenganishwe, mtu huyu nitamgawanya vipi? Mkono wa mama niupeleke wapi, na mguu wa baba niupeleke wapi?

Kwa hiyo maoni yangu leo ni haya. Jengo lile liachwe kama lilivyo, hekalu na kanisa pamoja, wala lisiondolewe jiwe la chini wala la juu. Lakini kuliacha hakutoshi. Wenye kulitunza, kanisa na serikali, wana deni la kusema habari yote pale mlangoni: nani alijenga, nani alinyang'anya, nani alibeba mawe, nani aliuawa baada ya kulipa. Kulitunza jengo na kunyamaza ni aina nyingine ya kubomoa. Na kulisimulia nusu, iwe nusu ya kuwasifu Wahispania au nusu ya kuwasifu Wainka, ni sawa na kulipasua katikati.

Kwenu ninyi mliokwisha kuhitimu, ambao huenda mmoja wenu safari ya kazi au ya masomo itamfikisha huko, nina ombi dogo. Usianze na kanisa, wala usiishie kwenye ukuta. Simama kwanza nje, penye ule upinde wa mawe meusi, utazame mstari ambapo kazi ya mmoja yakoma na kazi ya mwingine yaanza. Kaa hapo kidogo. Halafu ingia, na ukimkuta mtu anasali, usimhurumie wala usimcheke. Kisha utuandikie.

Na kwa Chama cha Mdahalo ninalo ombi la mwisho. Naomba hoja ile irudishwe muhula ujao. Safari hii aanze yule kijana niliyemnyamazisha kwa kicheko, naye apewe dakika zote zinazomstahili. Mimi, kama atanikubali, nitakuwa msaidizi wake, na nitaketi upande wake wa meza.